Kidonda cha Tumbo Kikivuja Damu: Mwongozo kwa Anayempeleka Mgonjwa

Mtu akitapika damu nyumbani, usimpe maziwa. Usimpe maji ya kabichi, soda, wala dawa ya kutuliza kiungulia, wala mitishamba hata kama imetoka kwa mtu unayemwamini. Mlaze ubavu, mwekee beseni karibu na kinywa, na mtafute gari. Naanza na hili kwa sababu hapa ndipo wema wa ndugu unapomdhuru mgonjwa mara nyingi. Tumbo likijazwa maziwa, daktari haoni kidonda kilipo. Na mgonjwa akitapika huku amelegea, maziwa na damu vinaweza kuingia mapafuni.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe unayemsindikiza: mtoto wa mzee, mke, shemeji, jirani mwenye gari. Mgonjwa mwenyewe saa hiyo hana nguvu ya kusoma. Siku hizi kidonda cha tumbo kinachovuja damu hutibiwa kwa mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kupasuliwa. Hiyo ndiyo endoskopi. Kwenye karatasi ya rufaa utaona imeandikwa OGD, na mitaani watu husema “kumeza mpira”. Inapofanywa na mtu aliyeizoea, na vifaa vikiwapo, husimamisha damu kwa zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100. Hata hivyo, kamera humsaidia yule aliyeifikia akiwa bado na damu ya kutosha mwilini, na kidonda kinaweza kurudi baada yake. Saa za kabla ya kipimo na wiki za baada yake ziko mikononi mwa familia kuliko mikononi mwa daktari.

Kabla hamjaifikia kamera

Damu ya tumboni haitoki nyekundu kila mara. Ikikaa kwenye asidi hugeuka kahawia na kuwa chembechembe zinazofanana na machicha ya kahawa. Ikipita chini, choo huwa cheusi ti kama lami, kinang'aa na kunata, na harufu yake ni kali kiasi kwamba aliyewahi kuisikia haisahau. Vidonge vya madini ya chuma, kama wanavyopewa wajawazito kliniki, navyo hukitia choo weusi, ila choo hicho hakinati namna hiyo wala hakina harufu ile. Ukibaki na shaka, nendeni hospitali mkaulizie huko.

Usingoje maumivu. Mzee anayemeza diklofenaki kwa ajili ya magoti anaweza kuvuja damu bila tumbo kumuuma hata kidogo, maana dawa ileile inayochimba kidonda ndiyo inayomnyamazishia maumivu. Tazama mambo mengine: kizunguzungu akisimama, jasho la baridi, viganja vya baridi, kiu isiyoisha, moyo kwenda mbio, maneno yasiyoeleweka. Kwa kijana kuna mtego wa ziada. Mwili wake huweza kuishikilia presha kwa muda mrefu huku damu ikipungua, kisha huanguka kwa ghafla. Presha ikisomeka nzuri lakini mapigo ya moyo yamepita 100 kwa dakika akiwa amelala, huyo bado yuko hatarini.

Msimpandishe bodaboda. Hata akibanwa katikati ya watu wawili anakuwa amekaa wima, na ubongo uliokwisha kupungukiwa damu unazidi kukosa. Anahitaji chombo ambacho ataweza kulala.

Sasa, mwende wapi? Wengi hupita kituo cha afya na hospitali ya wilaya bila kusimama, wakikimbilia hospitali kubwa za rufaa: kwa Tanzania Muhimbili, Bugando au KCMC, na kwa upande wa Kenya hospitali ya Kenyatta au ya rufaa ya Moi kule Eldoret, kwa kuwa wamesikia kamera iko huko. Kwa anayeishi jirani na hospitali hizo hakuna neno. Kwa anayesafiri saa tatu au nne, huo ni mchezo na uhai. Simameni kwenye kituo cha kwanza chenye dripu. Awekewe kanula mbili nene, moja kila mkono, aanzishiwe maji, apimwe wingi wa damu na kundi lake, kisha ndipo safari iendelee, ikiwezekana kwa gari la wagonjwa na muuguzi ndani.

Wakati dripu inaingia, muombe daktari wa hapo apige simu huko mnakokwenda. Mashine za endoskopi huharibika, wataalamu husafiri, vifaa huisha. Na kuna jambo ambalo ndugu wengi hawalijui: baadhi ya hospitali zina kamera ya kutazamia tu, hazina vifaa vya kuzuia damu. Kwa mgonjwa wenu, kutazamwa peke yake hakutoshi. Kwa hiyo swali la kwenye simu lisiishie “mna endoskopi?” Liwe: mashine inafanya kazi leo, yupo wa kuitumia kutibu, na benki ya damu ina kitu?

Bebeni dawa zote anazotumia, na nikisema zote namaanisha pamoja na zile asizozihesabu kuwa dawa. Mazungumzo ya mapokezi nimeyasikia mara nyingi yakienda hivi:

“Mzee, unatumia dawa gani nyumbani?”

“Situmii dawa, mwanangu.”

“Na miguu ikikuuma usiku?”

“Aa, hizo ni za miguu. Nachukua pale dukani.”

Hizo za miguu, za mgongo, za jino na za hedhi ndizo tunazozitafuta: diklofenaki, ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu, aspirini. Zinapunguza ule ute na mzunguko wa damu unaoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi yake yenyewe. Ukikosa majina, beba pakiti, hata tupu. Dawa za kuyeyusha damu kama warfarini zitajwe mapema kuliko zote.

Mweleze daktari pia kama mgonjwa amekulia kandokando ya Ziwa Victoria, kama amewahi kuugua kichocho cha tumbo, kama ana homa ya ini B, kama ni mnywaji wa siku nyingi, au kama tumbo limejaa maji. Watu wetu wana mazoea ya kusema kila atapikaye damu ana vidonda vya tumbo. Sivyo. Utafiti uliofanywa Bugando, Mwanza, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliofika wakitapika damu, waliokuwa na mishipa iliyovimba kwenye umio walikuwa wengi kuliko wenye vidonda, na kichocho kinahusika sana huko. Mishipa hiyo hufungwa kwa vipete vya mpira, na dawa zake za mwanzo ni tofauti. Neno moja kutoka kwako kuhusu kukulia Ukerewe, kisiwa cha ziwa hilo, au kuhusu pombe linaweza kumfanya daktari aandae vifaa vingine kabla hajaingiza kamera.

Damu kwanza

Mkifika, mgonjwa anaweza asipelekwe kwenye kamera moja kwa moja, na hapo ndipo ndugu wanapoanza kupandisha sauti. Nawaelewa. Mtu wako anatapika damu na mashine iko mlango wa pili. Lakini mwaka 2020 madaktari wa Hong Kong walichapisha utafiti wa wagonjwa 516 waliokuwa na hatari kubwa ya kufa kwa kuvuja damu. Nusu walifanyiwa endoskopi ndani ya saa 6 tangu kuonwa na mtaalamu, nusu kati ya saa 6 na 24. Waliowahishwa hawakupona zaidi. Zile saa za kusubiri si saa za kukaa bure: ndizo zinazompa mtu maji, damu na dawa, na kuutuliza moyo uweze kuhimili usingizi wa kipimo. Lengo linalokubalika ni endoskopi ndani ya saa 24. Anayeendelea kumwaga damu na presha haipandi licha ya dripu huyo ni wa kuwahishwa, na daktari anamjua. Kwa wengine, daktari akikuambia “damu kwanza”, anamtetea mgonjwa wako.

Kipimo cha kwanza cha wingi wa damu, yaani hemoglobini, kisikupe raha. Mtu akipoteza damu ghafla, ile iliyobaki mishipani inakuwa na uzito uleule, na namba hushuka saa kadhaa baadaye, maji yanapojaza pengo. Aliyesomeka 11 saa mbili usiku anaweza kusomeka 7 alfajiri. Kubalini apimwe tena, na tena.

Upande wa pili, familia hukasirika mgonjwa mwenye 8 asipoongezewa damu. Kwa kidonda kinachovuja, damu nyingi kuliko inayohitajika si hisani. Katika utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2013, kundi moja liliongezewa damu hemoglobini iliposhuka chini ya 7, la pili iliposhuka chini ya 9. Baada ya wiki sita, katika kundi la kwanza walikuwa hai 95 kati ya 100, katika la pili 91. Wenye ugonjwa wa moyo huwekewa kiwango cha juu kidogo, na anayemwaga damu mbele ya macho ya daktari haongojewi namba.

Kuhusu wachangiaji, kwa Tanzania damu inasimamiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama na haiuzwi, ila akiba ikipungua ndugu huombwa kuleta watu. Leteni wenye afya, waliokwisha kula, wenye uzito wa kilo 50 au zaidi. Si lazima kundi lao lifanane na la mgonjwa, kwa sababu damu yao inaenda kujaza akiba na ni lazima ipimwe kwanza virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Mtu akikuomba fedha kwa ajili ya chupa ya damu, omba stakabadhi, kisha nenda kwa uongozi wa hospitali.

Wakati huo mgonjwa atachomwa omeprazoli, esomeprazoli au pantoprazoli kwenye mshipa. Kazi yake ni kupunguza asidi, kwa kuwa bonge la damu halishiki vizuri kwenye asidi, huyeyuka na kuachia mshipa wazi. Dawa hizi hazichukui nafasi ya endoskopi. Anaweza pia kupewa erithromaisini miligramu 250 nusu saa au zaidi kabla ya kamera. Msidhani amekosewa dawa kwa kuwa hana maambukizi. Erithromaisini husukuma damu na mabaki ya chakula kutoka tumboni ili kidonda kionekane.

Mkitumwa famasi mkanunue asidi ya traneksamiki, ulizeni kwa heshima kama kweli inahitajika. Inasaidia kwa majeruhi na kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua, ndiyo maana imezoeleka. Kwa damu ya tumbo na utumbo ilijaribiwa kwa wagonjwa 12,009 katika nchi 15, katika utafiti uitwao HALT-IT uliotolewa mwaka 2020, na haikupunguza vifo. Iliongeza kuganda kwa damu kwenye mishipa ya miguu na mapafu. Fedha hiyo pengine inahitajika kwingine.

Ndani ya chumba cha endoskopi

Mgonjwa ataogopa mpira. Mwambie ukweli: una unene wa sentimita 1 hivi, unapita njia ya chakula na si ya hewa, kwa hiyo ataendelea kupumua hata kama koo litamwambia vinginevyo. Atajisikia kutapika, machozi yatamtoka, atabeua. Yote ni ya kawaida. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeshiriki kubuni mpira wa kwanza unaopindika mwaka 1957 huko Marekani, aliujaribu kwenye koo lake mwenyewe kabla ya kumwingizia mgonjwa.

Kabla ya kuingia, meno ya bandia yatolewe, na useme wazi mara ya mwisho alikula au kunywa nini na saa ngapi. Usifiche kikombe cha chai ulichompa kwa huruma. Mtasaini fomu ya ridhaa. Isomeni, na kama lugha ni ngumu muombeni muuguzi aisome kwa Kiswahili. Hatari kubwa zilizomo ni usingizi kuzidi, matapishi kuingia mapafuni, na mara chache sana ukuta wa tumbo kutoboka. Koo litapuliziwa dawa ya ganzi. Wengi huongezewa sindano ya kuwalegeza, kama midazolamu. Anayetapika damu nyingi hulazwa kabisa na mtaalamu wa usingizi na kuwekewa mrija wa hewa, na hiyo ni kwa usalama wake, isiwatie hofu kwamba hali imeharibika.

Atalala ubavu wa kushoto, kitu cha plastiki katikati ya meno ili asiung'ate mpira. Daktari hutazama umio, tumbo, na mwanzo wa utumbo mdogo, maana vidonda vingi tunavyoviita vya tumbo viko hapo kwenye duodeni. Akikipata kidonda hujiuliza: kinavuja sasa hivi, au kina dalili ya kuvuja tena? Kwa hilo hutumia madaraja yaliyopendekezwa mwaka 1974 na Forrest na wenzake. Daraja Ia damu inaruka, Ib inachuruzika. IIa damu imesimama lakini mshipa umechomoza wazi. IIb kuna bonge la damu lililokwama juu ya kidonda, IIc ni doa jeusi bapa, na III ni kidonda chenye sakafu safi. Kidonda kinachovuja kisipotibiwa, takriban nusu ya wagonjwa huendelea kuvuja au kuvuja tena. Chenye sakafu safi, ni kama 5 kati ya 100. Ndiyo maana si kila mgonjwa hutoka ametibiwa kwa kamera. Wapo wanaotazamwa, wakapewa vidonge na uji, wakaruhusiwa mapema, na hawajanyimwa kitu.

Kwa Ia, Ib na IIa tiba ni ya lazima. Daktari hupitisha sindano ndefu ndani ya mpira na kuchoma adrenalini iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa 10,000, kwenye kingo za kidonda. Nyama inavimba na kuubana mshipa, nao mshipa unajikaza. Damu hupungua palepale, na chumba kizima hupumua. Lakini adrenalini hufifia baada ya muda si mrefu na mshipa hufunguka tena, kwa hiyo haitakiwi kutumika peke yake. Ni lazima ifuatiwe na kitu cha kudumu. Kimojawapo ni klipu, kibanio kidogo cha chuma kinachoufunga mshipa wenyewe. Hujidondokea baada ya wiki kadhaa na kutoka na choo. Kingine ni joto: ncha ya kifaa hukandamiza mshipa kwanza mpaka kuta zake zigusane, kisha huuchoma ili zishikane. Kwa bonge la daraja IIb madaktari hutofautiana, wengine huliosha walione lililo chini yake, wengine huliacha na kutegemea dawa. Siku hizi upo pia unga unaopuliziwa juu ya kidonda na kuganda ukikutana na damu. Unafaa pale damu inapotoka kila mahali, au mgonjwa anapohitaji kununuliwa muda wa kusafirishwa, kwa kuwa haukai zaidi ya siku moja au mbili.

Akitoka, omba ripoti na uulize mambo haya kabla daktari hajaenda kwa mgonjwa mwingine. Kidonda kiko tumboni au kwenye duodeni? Daraja gani la Forrest? Mmetumia adrenalini peke yake au mmeongeza klipu au joto? Mmechukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara? Jibu la swali la tatu likiwa “peke yake”, usigombe, huenda klipu hazikuwapo. Uliza kama mgonjwa anaweza kuhamishiwa zilipo akiwa bado ametulia.

Siku tatu za wodini

Vidonda vinavyovuja tena, vingi hufanya hivyo ndani ya saa 72. Aliyetibiwa kwa kamera anatakiwa abaki wodini muda huo, hata akijisikia mzima na kuulizia viatu vyake siku ya pili. Dawa ya kupunguza asidi huendelea kwa wingi: kipimo cha miligramu 80 kwa mkupuo, kisha miligramu 8 kila saa. Hong Kong tena, mwaka 2000, waliilinganisha na dripu isiyo na dawa kwa wagonjwa 240 waliokwisha kutibiwa kwa kamera. Ndani ya siku 30, waliovuja tena walikuwa 8 kati ya 120 waliopata dawa, na 27 kati ya 120 wasioipata. Hospitali isiyo na pampu ya kudondosha dawa taratibu inaweza kuchoma sindano mara mbili kwa siku baada ya mkupuo ule wa kwanza, na matokeo yake yanakubalika. Kwa hiyo ukosefu wa pampu usiwe sababu ya dozi kurukwa. Wewe ulalaye naye wodini, andika saa za sindano kwenye karatasi. Muuguzi mmoja mwenye vitanda 40 atakushukuru ukimkumbusha kwa adabu.

Choo cheusi huendelea siku kadhaa baada ya damu kusimama, maana utumbo unajisafisha. Kinachotakiwa kukuinua kitini ni damu mpya mdomoni, choo chekundu, mapigo kupanda, kizunguzungu kurudi, au jasho la baridi. Ikitokea, mgonjwa hurudishwa kwenye kamera mara ya pili kabla ya kufikiria kisu, na kwa karibu robo tatu ya waliofanyiwa hivyo katika utafiti wa mwaka 1999 upasuaji ulikwepeka. Ikishindikana, mshipa huzibwa kutoka ndani na mtaalamu wa mionzi pale alipo, au daktari wa upasuaji hufungua tumbo na kuushona. Upasuaji huo huokoa watu katika hospitali nyingi zetu zisizo na kamera, na hakuna aibu wala kushindwa ndani yake.

Chakula: mwenye sakafu safi anaweza kula siku hiyohiyo. Aliyewekewa klipu au joto huanza na vitu vya majimaji, kisha uji, kadiri daktari anavyoruhusu. Pilipili na maharage havikumletea kidonda, hata kama vinamwasha. Msimlishe uji mtupu miezi mitatu. Aliyepoteza damu anahitaji dagaa, maini, mboga za majani na nyama.

Wiki za baadaye

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu mtu anatembea na tumbo limetulia. Vidonda vingi vina chanzo kimoja kati ya viwili, au vyote kwa pamoja: dawa za maumivu, na bakteria aitwaye Helikobakta pailori. Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, ndio waliomtambua, na mwaka 1984 Marshall alimnywa makusudi ili kuonyesha kwamba anadhuru tumbo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mpaka leo, kwetu, watu bado wanaambiwa kidonda chao ni mawazo.

Hakikisha mgonjwa wako amepimwa bakteria huyo kwa kinyama, kwa choo, au kwa pumzi. Kipimo cha damu cha kuchoma kidole kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana naye. Hakisemi kama yupo leo, na wapo watu wanaomezeshwa viuavijasumu mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya karatasi hiyo. Jambo la pili: kipimo kilichofanywa siku damu inatoka kinaweza kusema hayupo naye yupo. Jibu la “hakuna” la siku ile lirudiwe baadaye. Akipatikana, matibabu ni siku 14 za dawa kadhaa kwa pamoja, nyingi na chungu mdomoni, na usugu umeenea, hivyo kuruka siku mbili kunaweza kuharibu zote. Kisha arudi kupimwa kama ametoka: angalau wiki 4 baada ya viuavijasumu kwisha, na wiki 2 baada ya kusimamisha omeprazoli. Hapa msijiamulie, muulizeni daktari tarehe ya kuisimamisha, kwa kuwa kidonda kinatakiwa kiwe kimekwisha kupona. Kwa kawaida dawa hiyo huchukua wiki 8 hivi. Anayetaka kufunga Ramadhani katikati ya muda huo amuulize daktari kwanza. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Dawa za maumivu za miguu na mgongo zifungwe kwenye mfuko na zitoke nyumbani. Panadoli inatosha kwa mengi, isiyozidi kipimo. Waambie wenye duka la dawa mtaani, kwa jina la mzee, kwamba asiuziwe tena diklofenaki. Wengi watakusikiliza.

Aspirini ndogo ya moyo ni habari nyingine kabisa. Mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi akiogopa kidonda na kuiacha moja kwa moja, anaweza kufa kwa moyo huku tumbo limepona. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha hivyo: ndani ya wiki 8, waliorudishiwa aspirini mapema wakiwa kwenye dawa ya kupunguza asidi walikufa kidogo zaidi ya 1 kati ya 100, na walioachishwa karibu 13 kati ya 100. Usiondoke hospitali bila jibu la daktari kwamba aspirini inarudi siku gani; mara nyingi ni ndani ya siku chache. Warfarini nayo iulizwe hivyohivyo.

Atapewa vidonge vya madini ya chuma, na vitakirudisha choo kwenye weusi. Wajulishe wote wa nyumbani ili msikimbie hospitali bure, wala msije kukizoea kile cheusi kinachonata.

Na kama ripoti ilisema kidonda kiko tumboni, si kwenye duodeni, kuna safari moja imebaki. Saratani ya tumbo huweza kujificha ndani ya kidonda kinachoonekana cha kawaida. Endoskopi hurudiwa baada ya wiki 8 hivi kuona kama kimefunga, na vinyama huchukuliwa kama havikuchukuliwa mara ya kwanza kwa sababu ya damu. Majibu ya kinyama yafuateni wenyewe maabara, mkiwa na namba ya jalada na ile ripoti ya kwanza, na msikubali kuondoka na neno la mdomo. Yachukueni kwa maandishi, mpige picha kwa simu, na nakala moja ikae kwa mtu mwingine wa familia.